Siku Niliyomzingua Mama

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja hapa Kibiti, na hasira zangu ziko karibu. Wanaonijua wanalijua hilo. Kwa hiyo siku msichana mmoja wa kidato cha pili aliponiambia mbele ya darasa zima, "Mwalimu, leo umetuzingua," nilimtoa nje. Kosa langu lilikuwa dogo: niliahidi kurudisha karatasi za mtihani Jumatatu, ikafika Jumatano sijazisahihisha. Kosa lake nililiona kubwa. Nikamwambia mtu mzima haambiwi amezingua. Mtu mzima huambiwa amechelewa, au haambiwi kitu.

Akiwa mlangoni akageuka. "Sasa mwalimu, hilo neno limetoka wapi?"

Alijua udhaifu wangu. Nilimrudisha ndani, nikafuta ubao, nikaanza kueleza. Kwetu pwani kuzingua ni kukunjua kilichoviringwa na kufungua kilichozongwa. Uzi ukijizonga kwenye kijiti, unauzingua. Na mganga naye humzingua mtu: humfukiza, humwogesha maji ya dawa, humsomea, mpaka kile alichofungwa nacho kimtoke. Bibi yangu mzaa mama alizinguliwa mara mbili katika maisha yake na hakuona aibu kusimulia. Basi neno la kumfungua mtu limegeukaje likawa neno la kumwangusha? Sijui, na sijakutana na anayejua kwa hakika. Vijana wa Dar es Salaam walituletea likiwa limeshageuka, pamoja na mitindo ya nywele. Dhana yangu ni kwamba anayezinguliwa hupiga kelele na kujitupa chini, huwasumbua waliomshika. Pengine kila msumbufu akaanza kuitwa anazingua, na anayeahidi asitimize akaingizwa humo humo. Darasa liliridhika, na mimi niliridhika zaidi yao.

Ubaya ni kwamba tangu siku ile neno lilinihamia mdomoni. Nilimwambia fundi cherehani amenizingua. Nikamwambia mume wangu, naye akacheka. Niligundua raha yake. Maneno yetu ya zamani ni mazito: umenivunja moyo, umeniangusha, umenitupa mkono. Ukimtamkia mtu moja kati ya hayo, lazima pawe na kikao, watu wakae mkekani, radhi iombwe, na shangazi mmoja alie. Kuzingua hakuhitaji kikao. Unasema, "Dah, nimezingua," mwenzako anasema, "Poa," mnaendelea na safari. Nililipenda neno hilo kwa sababu lilinisamehe kabla sijaomba.

Mama yangu analima mpunga delta, upande wa Salale, mahali ambapo huwezi kufika bila chombo. Mwaka huo macho yake yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Yeye alisema ni ukungu tu, utaondoka kiangazi. Kisha ikaja habari kwamba madaktari wa macho wangefika Kibiti kwa siku tatu, Jumatatu mpaka Jumatano. Atakayefika Jumatatu, tulielezwa, angefanyiwa jicho la kwanza siku hiyo na la pili Jumatano. Atakayechelewa angefanyiwa moja, na la pili lingesubiri msafara mwingine, ambao hakuna aliyejua utakuja lini.

Lakini ulikuwa mwezi wa sita na mpunga ulikuwa unatia maziwa. Asiyelima mpunga haelewi maana yake. Punje ikiwa laini hivyo, kweleakwelea hushuka kwa kundi, huminya maziwa yote, na saa moja ya uzembe inatosha kukuachia makapi. Kwa hiyo watu wote wa bondeni huhamia mashambani, kila mtu katika dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo, na kuamia ndege kuanzia alfajiri hadi magharibi kwa teo, kwa debe na kwa sauti. Hakuna anayeweza kukuamia shamba lako akiwa na la kwake, maana ndege hushuka kote kwa wakati mmoja. Tena ukiliacha lako tupu huwaumizi watu wako peke yao. Ndege wakishazoea kula kwako, huvuka mpaka wakiwa na nguvu mpya. Ndiyo maana kabla jua halijachomoza kila dungu hupiga debe na la jirani huitikia, na lisiloitikia hutumiwa mtu akatazame kuna nini.

Basi mama asingeondoka dunguni bila mtu wa kumwachia, na mtu huyo nilikuwa mimi. Shule zilikuwa zimefungwa. Tulikubaliana kwa simu: nitaingia na boti ya Jumatatu asubuhi. Nikishuka mimi, anapanda yeye, boti ile ile, maji yale yale, na mume wangu atampokea dikoni, boti zinakofunga, na kumfikisha Kibiti.

"Usikose," alisema.

"Mama nawe! Nikose nimekuwa nani?"

Jumapili kulikuwa na harusi ya mwalimu mwenzangu Ikwiriri, nami nilikuwa kwenye kamati. Tulicheza, tukala, nikalala huko huko, na Jumatatu niliamka bila haraka. Safari iliyotangulia, mwanzoni mwa mwezi, boti iling'oa nanga saa nne kamili. Nikajiwekea saa nne kichwani. Nilikunywa chai yangu, nikapanda pikipiki hadi dikoni, nikafika saa nne kasorobo nikijisifu kwa kuwahi.

Diko lilikuwa tupu kabisa. Maji yalikuwa yameshajivuta, boti ndogo mbili zimelala ubavu kwenye matope, na mzee mmoja anayeshona nyavu alinitazama kama anavyotazamwa mtalii.

"Boti imekwenda na maji ya saa mbili," alisema. "Wewe si mtoto wa huku?"

Nilikuwa mtoto wa huku. Nimezaliwa ndani ya mikoko, na kabla sijajua kusoma nilijua kwamba maji hayaji saa ile ile siku mbili mfululizo. Yanasogea kila siku, na mwezi ndio unaokuambia yamesogea mpaka wapi. Miaka ishirini ya kengele za shule ilikuwa imenifanya niipangie bahari ratiba kama ya basi. Nilisimama pale jua likinipiga, nikawa sina hata wa kumgombeza.

Nilipaswa kumpigia mama. Sikupiga. Niliona haya kuisikia sauti yake, na nilijua hawezi kusoma ujumbe, kwa hiyo nikaandika kwenye simu ya jirani yake, mama mmoja ambaye shamba lake linapakana na letu. Niliandika hivi, naukumbuka neno kwa neno: "Mwambie mama samahani nimezingua. Maji yameniacha. Nakuja kesho." Nikatuma. Nikajisikia nafuu, na hiyo nafuu ndiyo ninayoionea aibu hadi leo.

Jumanne niliwahi, sikulala vizuri, nilikuwa dikoni tangu jua linachomoza. Boti iliondoka karibu saa tatu. Maji yalikuwa yanaelekea kuwa mafu, yale yanayojaa nusu na kurudi, na tulipofika kwenye mdomo wa kijito chetu nahodha alichovya upondo kupima kina, akautazama, akatikisa kichwa.

"Siingii," alisema. "Nikiingia nalala humo na abiria wangu."

"Nina mgonjwa wa kumtoa."

"Dada, mgonjwa angetoka jana. Jana maji yalikuwepo."

Nilimtolea maneno ambayo mwalimu hapaswi kuwa nayo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akanishusha kwenye ukingo wa matope na mzigo wangu, akaendelea na njia yake. Nilipiga simu kwa jirani. Mume wake alikuja na mtumbwi kunichukua, na kwa kuwa maji yalikuwa yanatoka tulishuka mara tatu kusukuma. Nilifika shambani saa saba, matope hadi mapajani. Siku ya pili ilikuwa imekwisha kama ya kwanza, na boti nyingine ni kesho, siku ya mwisho ya madaktari.

Jirani alikuwa wa kwanza kunipokea. Hakunipa pole.

"Jana mama yako alijifunga tangu alfajiri," aliniambia. "Khanga mpya, begi mkononi. Mume wangu ndiye aliyekaa dunguni kwake ili yeye ateremke kijitoni kukungoja, na huko kwetu mimi nikahangaika peke yangu. Boti ikaja, wewe haumo. Nahodha akamwambia apande, akasema shamba namwachia nani. Ikaondoka. Alikaa pale mpaka maji yakatoka yote. Ndipo ujumbe wako ukaingia, nikamfuata kule nikamsomea."

"Akasemaje?"

"Akasema, soma tena. Nikasoma tena. Akaniuliza, ni hivyo tu? Nikamwambia ni hivyo tu. Akasema nimshike mkono arudi dunguni."

Mama alikuwa juu ya dungu, teo mkononi, uso umeelekea bondeni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kama siku zote, akauliza habari za mume na watoto. Nilisubiri anigombeze. Mimi nimezoea ugomvi, najua njia zake za kuingilia na kutokea. Hakugomba. Aliinamisha kichwa, kisha akazungusha teo na kuachia donge la udongo kuelekea upande wa mtoni, ambako mimi sikuwa nimeona kitu. Kundi zima likaruka.

"Umewaonaje?" nikauliza.

"Siwaoni. Nawasikia."

Nilikuwa nimeambiwa ukungu. Nilipanda, nikakaa mbele yake, nikanyoosha vidole vitatu karibu na uso wake, nikamuuliza ni vingapi. Akasema kuna mwanga nyuma yako, ondoka kwenye mwanga. Mwanamke huyu alikuwa ameamia shamba zima msimu mzima kwa masikio. Nami nilikuwa nimekuja kumtembelea mwanzoni mwa mwezi ule ule, nimekula wali wake, nimeondoka, sijaona.

"Kesho unakwenda," nilisema.

"Maji ya kesho hayabebi kitu. Hata boti ikifika mdomoni, mimi nitafikaje mdomoni? Niache. Nitakwenda wakija tena."

"Watakuja lini?"

"Mungu anajua."

"Mama, utakwenda kesho hata kwa kubebwa."

"Juzi nilikuambia usikose," alisema, bila kupandisha sauti. "Jana nilikuwa tayari. Kuwa tayari kunachosha, mwanangu. Sina tena utayari wa kesho."

Nikamuuliza kama amenikasirikia. Akasema hapana. Nikamwomba akasirike basi, maana hasira naijua dawa yake. Nilijua nilichopaswa kusema, kwamba mama, nimekuangusha, unipe radhi. Mimi ninayewapa watoto wa watu alama kwa ufasaha, nilikaa dunguni kwa mama yangu nikashindwa sentensi moja. Badala yake nilisema, "Nifundishe kuwasikia."

Akanifundisha mchana ule wote. Sauti ya mbawa zinazopita si sauti ya mbawa zinazoshuka. Zinazoshuka, alisema, hukatika ghafla, na ukisubiri ule ukimya umeshachelewa. Kila baada ya muda aliniuliza, sasa je? Nikasema wapo kulia, naye akasema wapo kushoto. Magharibi ilipoingia nilikuwa nimepatia mara chache tu. Aliswali, akala kidogo, na kabla hajalala akasema, akiwa amenipa mgongo, "Mwambie mume wa jirani tutoke alfajiri. Tusingoje maji. Tusukume."

Walitoka alfajiri, maji yakiwa bado chini. Mume wa jirani alisukuma mtumbwi juu ya matope, mama amekaa katikati ameshika begi na kingo mbili, khanga yake mpya tayari imerukiwa na tope. Nilitaka kwenda naye. Nilitaka sana. Lakini dungu lisingeweza kubaki tupu, na nilipiga debe asubuhi ile kwa mara ya kwanza tangu utotoni, na dungu la jirani likaitikia.

Siku ile sijui niielezeje. Kila dakika nilikuwa mahali pawili. Saa nne, boti imefika mdomoni au haikufika? Saa sita, wako dikoni? Ndege walishuka, nikawarushia, nikakosa, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mtandio ulinisumbua, nikauvua, nikaupunga hewani. Mtandao wa simu haukushika dunguni. Ulishika kwenye kichuguu kimoja mwisho wa shamba, kando ya mikoko, na nilijizuia nisiende mpaka saa tisa. Saa tisa nikashindwa. Nilishuka nikakimbia.

Mume wangu alipokea mara ya pili. "Tumefika sasa hivi," alisema. "Wanakunja vifaa. Nimeongea nao."

"Wamesemaje?"

"Wamesema watamfanyia jicho moja, awe wa mwisho. La pili haiwezekani."

"Waombe!"

"Nimeomba. Nimeomba mpaka mama mwenyewe ameniambia ninyamaze."

Nilisimama kwenye kichuguu nikimbishia mume wangu, nikimwambia mwambie daktari hivi, mwambie vile, kama vile daktari angesikia kutoka Salale. Ukimya wa mbawa aliokuwa amenifundisha mama ulipita bila mimi kuusikia. Nilichosikia ni jirani, akipiga debe kama kuna moto.

"Mwalimu! Ndege wako hao! Mwalimuuu!"

Nilipogeuka, upande wote wa chini wa shamba ulikuwa umebadilika rangi, na ulikuwa unatikisika. Nilikimbia nikiwa na mtandio mkononi na simu bado inaongea. Waliruka wakiwa wameshiba, wakavuka mpaka, wakatua kwa jirani. Mwanamke yule alihangaika nao mpaka jua likazama, peke yake, maana mume wake alikuwa bado anangoja maji ili arudi na mtumbwi alioutoa kwa ajili yetu. Jioni nilikwenda kumwomba radhi. Nilitumia maneno mazito yote niliyoyajua. Alinisikiliza huku anapepeta mchele, akasema, "Haya, mwalimu. Kesho usishuke dunguni."

Sikushuka. Alhamisi na Ijumaa sikushuka ila kwa haja. Nilitembea mara moja tu ndani ya ule upande wa chini, nikaminya masuke moja moja, na mengi yalikuwa maganda. Mpunga ule ndio chakula cha mama cha mwaka. Nilipanga nitakavyomweleza. Nilijisemea dunguni kwa sauti kama mwanafunzi anayekariri: mama, jicho moja nimekukosesha mimi, na shamba nimekulisha ndege mimi, nimekuangusha mara mbili katika juma moja, unipe radhi.

Alirudi Jumamosi, maji yakiwa yameanza tena kukua kidogo. Nilimwona tangu mtumbwi unapokunja kona. Alikuwa amevaa miwani nyeusi, na alishuka mwenyewe bila kushikwa mkono. Alikuja kwenye kijia polepole akitazama chini, akiinua miguu juu ya vitu ambavyo siku zote alikuwa akivipapasa kwa vidole. Kwenye mpaka wa shamba alisimama. Akavua miwani, akaliziba kwa kiganja jicho lisilotibiwa, na kulitazama bonde kutoka juu hadi chini, taratibu, bila kuruka mahali. Jicho lilipofika upande wa chini lilikaa hapo muda mrefu.

Nilishuka nikamwendea.

"Mama," nilisema, "shamba..."

"Nimeliona."

"Mama, nimeku..."

Alinyanyua mkono ninyamaze, nami nilidhani ndipo hukumu inaposomwa. Lakini alikuwa ameshaliacha shamba, ananitazama mimi. Nilikuwa kichwa wazi, nywele hazijafungwa siku tatu. Akasogea karibu kabisa, kiganja bado kimeziba lile jicho jingine, na kwa mkono wa pili akanishika nywele za panda la uso, akazivuta kuelekea kwenye jua.

"Hizi mvi za lini?"

"Za siku nyingi, mama."

"Kichwa chote hiki?"

"Miaka sita sasa. Saba."

Hakuniachia. Alinigeuza upande mmoja, akanigeuza wa pili, akapitisha kidole chini ya macho yangu, penye mikunjo, kama anayetafuta kitu alichokiweka hapo mwenyewe.

"Kila swala nakuombea dua," alisema. "Na kila nikikuombea namwona msichana mwenye nywele nyeusi. Kumbe yule hayupo siku nyingi, na wewe hapa hukuombewa."